Mkasi wa Fundi Mashoto

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa ni mimi ninayemsuka binti yetu kabla ya shule, na mwalimu wake amekwisha kuuliza kama kwetu kuna upepo mkali. Mwenye nyumba alipaka ngazi rangi bila kumwambia mtu. Wapangaji wote tuna soli za kijani.

Kuna jambo nataka kukuomba. Nimeliandika mara mbili kwenye shajara yangu kabla ya kuthubutu kuliandika hapa. Najua utacheka, maana ni wewe uliyeniita Bwana Tarehe. Simu najua huitaki. Ulishasema maneno ya simu hayawekeki kabatini.

Nikitoka stoo Jumamosi mchana ninaenda kwenye ile karakana ya picha za kuchapa. Kazi yenyewe ni hivi: unachora kitu juu ya ubao, unachimba kwa patasi ndogo pale panapotakiwa kubaki peupe, unapitisha rola yenye wino, unalaza karatasi juu na kugandamiza. Ukiinua karatasi, picha imekuja, na unaweza kuchapa nakala nyingine kama hiyo. Anayetuongoza ni mama mmoja wa makamo mwenye miwani miwili shingoni, tunamwita Mkuu. Ameandaa maonyesho ya mwezi wa nane na anataka kila mmoja wetu achague jambo lake. Mimi nimechagua vifaa vya mkono. Mwenzangu mmoja akacheka: "Nyundo? Nani atatundika nyundo ukutani?" Mkuu akamjibu bila kuinua kichwa, "Kila fundi hutundika nyundo ukutani."

Lakini nyundo sina habari nayo. Vifaa ninavyovijua ni vyako. Naomba uniazime pasi ya mkaa, na ile subana ya kuvaa kidoleni unaposukuma sindano, na tepu. Na mkasi. Nimeandika mkasi mwishoni ili upate nafasi ya kukasirika taratibu. Sijasahau kibao nilichopata siku nilipoukatia karatasi. Wala sijasahau kwamba si mkasi wa kila mtu, ni wa mashoto kama wewe, na kila mteja aliyeujaribu kwa mkono wa kulia uliishia kutafuna kitambaa badala ya kukikata. Ukisema hapana kwa huo, nitauchora kwa kumbukumbu.

Wanao wanakusalimu. Nasubiri.

Mwanao,
Bwana Tarehe


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo. Nesi wa mlango wa pili amestaafu, hana tena wa kumchoma sindano, kwa hiyo kila asubuhi yuko kwangu ananisumbua. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa chakavu. Mmoja ana madoa kama shati la mchoraji. Nimempa jina lako.

Nimechelewa. Kalamu ilikuwa mbovu.

Kifurushi nimempa yule dereva wa lori la saruji niliyemshonea suruali ya harusi. Humo mna pasi, subana, tepu, chaki, na mkasi. Usihangaike kurudisha. Zikae huko. Nyumba ni ndogo na ukuta unataka kupumua.

Cherehani nimeifunika. Watu siku hizi wananunua nguo zilizokwisha kushonwa.

Mwambie mkeo asikuachie kichwa cha mtoto.

Shangazi yako


Tarehe 14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama, kina vumbi la saruji tu. Binti yetu amemwandikia paka mwenye jina langu barua yake, nimeiambatanisha. Mama yake anasema nisijali mwandiko wake, hata mimi nilijifunza kuandika kwa shida.

Nilifungua kifurushi juu ya meza ya kulia chakula na kuvipanga vyote juu ya kitambaa cheupe. Pasi bado ina harufu ya mkaa, na ule mpini una doa jeusi ulipoungua mwaka ule wa sare za kwaya. Subana ina kishimo pembeni ambacho sikuwahi kukiona, labda kwa sababu sikuwahi kuiona ikiwa nje ya kidole chako. Mkasi umeuviringisha kwenye kipande cha flana. Niliufungua kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha wakubwa. Pale kinapokaa kidole gumba rangi imelika yote, chuma kinang'aa kama sahani. Ahsante, Shangazi. Nimeirudia ahsante hiyo njia nzima ya kwenda stoo.

Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaisoma barua yako tena.

Barua zako zote ninazo, kwa mpangilio wa tarehe, unanijua. Kila moja ina ukungu. Mkono wako wa kushoto unaifuata kalamu, unaufuta wino kabla haujakauka, ukurasa mzima unakuwa kama umepitiwa na moshi. Mimi nashinda na wino sasa, siwezi kutouona. Barua hii haina ukungu hata kidogo. Ni safi. Na herufi zake zimesimama mbalimbali kama watu wasiojuana.

Nani ameiandika?

Sitauliza zaidi ya hapo. Nitaanza na pasi, kisha subana. Mkasi nitauacha wa mwisho, na nikimaliza nitaurudisha, hata kama ukuta unapumua vizuri.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Paka amesomewa barua yake. Hakuwa na la kusema, akalala juu yake.

Barua ile niliandika mwenyewe. Na hii pia. Kama ni safi, shukuru. Mwalimu wako wa darasa la tatu alikuwa akinisifia wewe kwa usafi, mimi nikijua ni kwa sababu huandiki kitu.

Nesi bado anakuja. Amenizoesha kufinya soksi iliyojaa mchele, anasema ni mchezo. Nimemwambia katika umri wangu watu hucheza karata. Anafinya yake na mimi nafinya yangu, tunaonekana kama wanawake wawili waliokosa unga wa kukanda.

Mkasi nimesema ukae huko. Usinichoshe. Mtu akikupa kitu, pokea.

Nieleze hizo picha. Pasi imetoka? Usiifanye nzuri kuliko ilivyo, ilikuwa pasi mbaya sana, ilivujisha majivu kwenye kola za watu.

Shangazi yako


Tarehe 23 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kwanza habari za nyumbani: binti yetu ameng'oka jino la pili la mbele na sasa anapiga mluzi bila kukusudia. Mke wangu amepumzishwa zamu za asubuhi, kwa hiyo kichwa cha mtoto kimerudi kwa mwenyewe na mwalimu ameacha kuuliza.

Nimesoma habari ya soksi ya mchele. Nimeielewa. Hutaki nilitaje, sitalitaja. Nakuambia tu kwamba nimeielewa.

Pasi imetoka, na majivu yake. Subana imetoka. Mkuu aliishika karatasi ya subana karibu na dirisha, akavaa miwani yote miwili, akasema, "Hii imefanya kazi." Sikujua kama alimaanisha picha au subana.

Mkasi nimeuharibu, na sipendi kukuficha.

Niliulaza mezani na kuuchora juu ya ubao kwa ukubwa wake halisi, kila kitu mahali pake. Ile kutu kwenye skrubu, lile tundu dogo la kidole gumba upande wa kulia na lile refu la vidole upande wa kushoto, kama unavyotakiwa kuwa ili ushikike kwa mkono wa kushoto. Nilichonga Jumamosi tano. Siku ya kuchapa, nilipoinua karatasi, karakana nzima ilisogea kutazama. Yule wa nyundo ndiye aliyesifu kuliko wote. Nikatundika nakala zikauke, nikaenda nyumbani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jumamosi iliyofuata niliingia, nikazitazama kwa mbali, nikahisi kuna mgeni. Kitu kinachochapwa hugeuka, Shangazi. Kilichokuwa kushoto kwenye ubao kinakuja kulia kwenye karatasi. Jambo hilo hufundishwa siku ya kwanza, ndiyo maana wenye akili huchora kinyumenyume tangu mwanzo. Pasi ikigeuka inabaki pasi. Subana ni subana. Lakini mkasi wako ukigeuka unakuwa mkasi wa mkono wa kulia, mkasi wa dukani. Fundi yeyote duniani anaweza kuunyanyua kwenye ile karatasi akakata nao, isipokuwa wewe. Mtoto uliyemlea kwa mkasi huo amekosa kujua mkono wa mama yake.

Nilimweleza Mkuu. Akasema, "Watakaojua ni wawili tu, wewe na shangazi yako." Nikamwambia hao wawili ndio wengi. Akanikubalia nichonge upya, kama nitawahi.

Nakutumia nakala moja ya kosa hilo uone. Uicheke, kisha uiwashie moto. Sahihi nitaileta.

Mwanao


Tarehe 11 Julai

Mwanangu Bwana Tarehe,

Marahaba, na kaa chini. Barua hii imenichukua siku nyingi, naandika mistari michache kisha napumzika.

Kalamu haikuwa mbovu.

Mwezi wa kwanza, siku ya Jumanne, niliunyanyua mkasi nikate kola, ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Nikadhani una mafuta, nikaufuta. Nilikuwa naufuta kwa mkono wa kulia, wala sikujiuliza kwa nini. Nesi alikuja kuomba kiberiti, akanitazama mdomo, akasahau kiberiti. Nililazwa. Miguu iko salama. Mdomo umerudi mahali pake na unasema kuliko zamani. Uliobaki ni mkono wa kushoto. Upo, una joto, lakini ni kama mkono wa mgeni aliyelala sebuleni: unauona, huwezi kuutuma.

Sikukuambia kwa sababu ungepanda basi siku hiyo hiyo, uje uoshe vyombo, unitazame nikijimwagia chai kifuani. Sikutaka. Nesi nilimlisha kiapo. Usimlaumu, ameumia nacho.

Ulipoomba vifaa niliona njia imepatikana. Mkasi ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake, kila nikiamka nauona. Nikasema bora uende kwa mtu atakayeutazama bila kuumia. Sikukuazima, mwanangu. Niliutupa kwa adabu.

Sasa, picha. Nesi aliifungua yeye, mimi nikamwambia ailaze kifudifudi. Akakataa, nesi hajui kutii. Akaitazama akasema, "Mbona huu ni kama wangu wa kukatia bandeji?" Nikamwambia wewe huna macho, mkasi wangu haufanani na wa mtu. Nikainua shingo nimwonyeshe.

Nikauona. Ulikuwa wangu. Kutu ile ile kwenye skrubu, pale palipolika kwa kidole changu pamelika vile vile. Lakini umegeuka, umeniangalia kwa upande mwingine. Nikawa nautazama tu. Sijui nilifikiria nini. Nikauweka mkono wa kulia juu ya karatasi. Kidole gumba kikaenda kwenye tundu lake, vingine vikaenda kwenye lao. Ukakaa. Miaka yote niliyoushika ilikuwa imehamia upande wa pili, ikawa inaningoja huko.

Nikamwambia Nesi, "Niletee mkasi wa watu." Maisha yangu yote nimeudharau mkasi wa watu. Akaleta. Nikaanza na gazeti, nikampasua waziri mmoja katikati, haikuwa makusudi. Kesho yake mstari ulikuwa bado umelewa. Nikaendelea. Wiki ya pili nilikata mfuko wa mto wa Nesi, pembe tatu nzuri na ya nne ya kusamehewa. Cherehani nimeifunua. Kukanyaga ni kazi ya miguu, na miguu iko sawa.

Kwa hiyo nisikilize. Usichonge upya. Ukichonga huo unaouita sahihi, utanichorea mkono nisiokuwa nao. Nilionao ni huu, na wewe ndiye uliyeniletea, kwa kukosea. Mwambie mama wa miwani miwili kwamba watu wawili tunaojua tumekubaliana.

Ahsante, mwanangu. Neno hilo nimeliandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo lisome taratibu.

Shangazi yako


Tarehe 2 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima. Binti anataka kujua kama paka ameota meno, maana lake la mbele limechomoza.

Barua yako niliisomea stoo, nimesimama kati ya maboksi, na hesabu ya siku hiyo ilibidi irudiwe na mwenzangu. Jioni nilimsomea mke wangu. Alilia, kisha akakasirika, kisha akasema Nesi apelekewe zawadi. Iko ndani ya kifurushi, ni kitambaa cha kichwa, na ninaomba asikikate mtu kwa majaribio.

Sikuchonga upya. Mkasi ulitundikwa jinsi ulivyotoka. Mkuu aliuliza jina la picha, nikamwambia "Mkasi wa Fundi Mashoto", akaitazama, akaitazama tena, akaanza kucheka peke yake, akaiandika. Siku ya maonyesho bwana mmoja alisimama mbele yake muda mrefu akichezesha vidole hewani. Nilijua kuwa ni fundi cherehani. Yule wa nyundo naye alisimama pale, akasema mwakani anachora koleo za baba yake. Sikumtania.

Kwetu nakala zikishatimia, ubao hukwaruzwa kwa patasi kutoka pembe hadi pembe ili asiuchape mtu tena. Ndiyo kanuni na mimi napenda kanuni. Mkuu alinikabidhi patasi. Niliishika muda. Nikamwambia huu siuwezi, ni mkono wa mtu. Hakuuliza wa nani. Akasema, "Basi usikae hapa ukamtia mtu tamaa. Mpelekee mwenyewe."

Ndio huo, nimeuviringisha kwenye flana ile ile. Uangalie vizuri, Shangazi. Kwenye ubao mkasi haujageuka. Umelala kama ulivyolala mezani kwangu, kama unavyoshikwa na wewe. Wino umeingia kwenye mbao, hautatoka.

Nimerudisha vyote: pasi, subana, tepu, chaki, na mkasi. Ulisema mtu akipewa kitu apokee. Nimepokea. Nimevaa sare za shule zilizokatwa na mkasi huu, zenye pindo refu la kuachiliwa kila mwaka, na nilikuwa nadhani watoto wote huongezewa nguo usiku wakiwa wamelala. Nilichopokea kinatosha. Msumari wake bado uko ukutani, au siyo?

Mwezi wa kumi na mbili tunakuja sote watatu. Vyombo sitaosha. Nitakaa nitazame ukikata.

Mwanao


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Paka ana meno, mwambie binti, na ameyajaribu kwenye mguu wa Nesi. Kitambaa cha kichwa kimevaliwa siku hiyo hiyo, akapita nacho mtaa mzima akidai anaenda kununua chumvi. Alirudi bila chumvi.

Dereva wa saruji atakuletea aproni ya karakana. Nimeikata na kuishona mwenyewe. Pindo la chini lina kilima kidogo katikati, usilinyooshe kwa pasi, halinyooki. Mfuko umekaa kushoto. Kama uliutaka kulia, basi ni kosa la uchapaji.

Nimetundika ubao upande huu wa dirisha na karatasi upande ule, zinatazamana. Wateja wanauliza kwa nini mikasi miwili. Nawaambia mmoja ni mimi na mwingine ni mimi. Wanadhani ugonjwa umerudi. Hata hivyo wanaacha vitambaa.

Mkasi wenyewe uko kwenye msumari wake. Msumari haukwenda popote. Kila asubuhi, kabla ya chai, Nesi anauteremsha na kuniwekea kwenye mkono wa kushoto, ananipangia vidole kimoja kimoja, tunakaa tunautazama kama watu wanaongoja basi. Nimekwisha kumwambia hakuna kinachokuja.

Juzi, Alhamisi, ulifunguka. Kidogo tu, upana wa kupitisha uzi. Kuufunga, bado.

Iandike tarehe hiyo.

Shangazi yako